Feza ya Atelye: Jiwe la Kunolea Kwanza, Machini Kisha



Siku ya posho iliyopita, kisha maombi ya asubuhi, Bwana Prefe alitujulisha ya kuwa kasha la atelye limefika dolari 400. Feza ile haikuanguka toka mbinguni. Sehemu moja imetoka kwa komite ya wazazi, sehemu ingine ni jasho letu: tulitengeneza mabenchi ya watu, tukachonga mipini ya majembe, tukauzisha. Kisha Bwana Prefe akasema kuko mtu mmoja wa biashara karibu na mupaka, mwenye kuwa na machini ya kukereza mbao, ile mafundi wa mjini wanaita kwa Kifaransa tour. Ilitumiwa zamani katika kiwanda, na yeye anaitoa kwa dolari 380. Wanafunzi wakapiga makofi mpaka madirisha yakalia. Sisi watu wa kundi la mbao hatukupiga.

Wengine waliona vibaya. Walisema, "Ninyi njo wenye kuililia hii machini tangu mwaka jana, leo inakuja munanyamaza?" Ndiyo sababu tunaandika. Bwana Prefe mwenyewe aliomba kila mwenye neno aliseme mbele ya feza kutoka, na sisi tuko na neno.

Kwa wale wasiojua, kukereza ni hivi. Mti unashikwa katikati ya ncha mbili za chuma, unazungushwa, na fundi anauwekea patasi ukiwa unazunguka, mpaka unakuwa mviringo. Mguu wa kiti ule wenye shingo na tumbo, mpini wa patasi, muti wa kusukumia unga wa mikate, kikombe cha mbao, vyote vinatoka hapo. Watu wa pwani, kule Lamu na Unguja, wanajua kazi hii tangu zamani, na chombo chenyewe wanakiita keezo ao kerezo. Vitanda vya zamani vya Lamu vyenye miguu iliyokerezwa vinajulikana mpaka leo. Basi neno liko katika Kiswahili, hatuna lazima ya kuliomba kwa wengine. Sisi tutasema kerezo.

Siku ya tatu tulienda kuiona ile machini, tulikuwa wanne pamoja na mwalimu wetu wa ufundi. Tuseme ukweli: ni machini nzuri. Iko na rangi ya majani, nzito, miguu ya chuma, hata watu sita hawaiinue. Mmoja wetu aliigusa tu akasema, "Bakubwa, hii njo mwanaume." Lakini mwalimu akapangusa vumbi juu ya kibao kidogo cha motere, akatuita tusome. Tukasoma: volti 380, fazi tatu. Kule atelye yetu tuko na fazi moja. Ni kusema hata tukiibeba leo, tukiifunga leo, haitazunguka. Itatakiwa motere ingine, ao kuvutiwa waya ingine, na ile haiko bei ya mandazi.

Hatukuishia pale. Tukauliza: iko wapi ile ncha yenye meno, yenye kushika mti na kuuzungusha? Haiko. Liko wapi lile taya la kushikia bakuli ao kikombe? Haliko. Pahali pa kuegemeza patasi pako, lakini ni pafupi sawa kiganja, pamechakaa, pako na mabonde. Patasi za kukereza? Hata moja. Jiwe la kunolea? Mwenye mali akacheka, akasema: "Hii machini njo ya nguvu, haifwaka. Bile bingine mutatafuta pole pole."

Pole pole na nini? Tukitoa 380 katika 400, inabaki 20. Wale wenye kuijua kazi hii wanasema kila siku neno moja, hapa na katika inchi zingine: vyombo vya kerezo, ni kusema patasi, jiwe, taya, ncha na miwani, vinakula feza sawasawa na kerezo lenyewe, na mara ingine kuipita. Mwenye kununua kerezo tu amenunua kamio bila magurudumu. Itakaa pale katika kona, tutaipangusa siku ya wageni, na watoto wa mwaka wa kwanza watatundika mifuko yao juu yake. Tumeona masomo mengine yenye machini za namna ile, hatutaji jina.

Neno la pili ni zito zaidi, na tunaliandika kwa sababu mwenyewe ametukubalia. Mwenzetu mmoja, wakati wa mapumziko makubwa, alienda kusaidia katika atelye moja ya mjini. Kerezo la umeme lilikuwako, jiwe la kunolea halikuwako, na patasi za kweli hazikuwako. Mwenye atelye alikuwa amechukua tupa ya zamani, ile ya kupigia chuma, akaiponda ncha, akaipatia mpini, akasema ni patasi. Siku ya pili ile tupa ikashikwa na fundo la mti, ikavunjika sawa chupa. Kipande kikampiga mwenzetu chini ya jicho. Walimshona nyuzi nne. Kama kingepanda juu kidogo tu, leo angekuwa anasoma gazeti hili kwa jicho moja.

Tukamuuliza mwalimu: mbona tupa ilivunjika na ni chuma kigumu? Akatueleza. Tupa inakatika kwa sababu ni ngumu kupita. Imechomwa na kuzimwa ili imeume chuma kingine, haikulainishwa nyuma, basi haijui kupinda hata kidogo. Ukiipiga kwa nguvu ya machini inapasuka. Mafundi wa kukereza wa kila pahali wanakataza jambo hili kwa wanaoanza. Chuma cha patasi kinatakiwa kiwe kigumu penye makali na kivumilivu nyuma yake. Hapa kwetu Kasumbalesa chuma cha namna ile kinalala kando ya barabara: ni zile risoro za kamio, zile mabamba zinazolaliana chini ya shasi. Tutarudi kwa jambo hilo.

Sasa tuseme juu ya kunoa, kwa maana hapa njo penye kiini cha maneno yetu.

Mtu akikereza na patasi kali, mti unatoa maranda marefu, yanaruka juu ya bega sawa utepe. Uso wa mti unabaki laini, unaangaa, karibu hautaki msasa. Akikereza na patasi butu, hakuna maranda. Linatoka vumbi. Patasi inakwangua, haikati. Mtu anaona haikati, anasukuma zaidi. Akisukuma zaidi, siku moja makali yanazama ndani, mti unaruka toka kwenye ncha, na unajua wenyewe pahali unaenda: usoni. Hatari nyingi za kerezo zinaanza penye patasi butu. Tena lile vumbi lenyewe haliko rafiki. Wataalamu wa kansa wa shirika la afya la dunia waliandika tangu mwaka wa 1995 ya kuwa vumbi la mbao linaleta kansa ya pua kwa wale wanaolivuta miaka mingi. Maranda haiingie puani, vumbi linaingia.

Na kunoa si mara moja kwa mwezi. Mwenye kukereza mti mgumu ananoa, anakereza dakika chache, ananoa tena. Katika saa moja anaweza kwenda kwenye jiwe mara nne, mara tano. Basi, mukiwa na machini ya dolari 380 na hamuna jiwe, muko na nini? Muko na chombo cha kuzungusha hatari.

Tena kunoa kwenyewe ni somo. Patasi pana yenye mfereji, ile ya kutoa pembe za mti, mafundi wanaipatia mteremko wa digri 45 hivi. Ile ndogo yenye mfereji, ya kufanya mabonde na mashingo, inateremka zaidi, 35 hivi mpaka 40. Mteremko ukiwa na migongo miwili mitatu, hautaegemea vizuri juu ya mti, patasi itarukaruka. Na ukilisukuma jiwe kwa haraka, chuma kinawaka moto, kinageuka rangi ya buluu, na pale penye buluu ugumu umekufa. Ndiyo sababu sisi tunaomba jiwe la kuzungusha kwa mkono, lile lenye manivela, la kwenda pole pole. Mmoja anazungusha, mwingine ananoa, bakuli la maji liko pembeni. Halichome chuma. Tena, na hili kila mtu wa internati analijua, halingojee umeme. Umeme ukikatika saa nane mpaka saa kumi na mbili, jiwe la mkono linafanya kazi yake.

Kuko na wengine wataniuliza, samahani, watatuuliza: mukiwa na jiwe na patasi, mutakereza na nini? Na meno?

Hapana. Na mguu.

Hapo njo wanacheka. Tunaomba wacheke, kisha wasikie. Kerezo halikuzaliwa na umeme. Kule Misri, ukutani mwa kaburi la kuhani mmoja jina lake Petosiris, kuko picha ya watu wawili wakikereza: mmoja anavuta kamba kwenda na kurudi, mwingine ameshika patasi. Picha ile iko na miaka karibu 2300. Kule Uingereza, katika misitu ya Buckinghamshire, mafundi walikaa ndani ya msitu wenyewe wakikereza miguu ya viti kwa kerezo la mguu, na kazi ile iliendelea mpaka ndani ya karne ya ishirini, wakati viwanda vilikuwa na machini tayari. Huko Maroko mpaka leo kuko mafundi wanaoketi chini, mkono mmoja unavuta upinde, mguu unashikilia patasi. Haiko mambo ya bushi. Watu wale walilisha watoto wao.

Kerezo la mguu tunaweza kulijenga sisi wenyewe kwa wiki mbili. Mwalimu amekwisha kuchora. Mbao mbili nzito zinalala sambamba, na nafasi katikati. Juu yake vinasimama vichwa viwili vya mti mgumu, vimeshindiliwa na kabari chini ili visiteteme. Katika kila kichwa inapita bulo nene iliyochongwa ncha. Moja inakaa, ingine inazungushwa ili kubana mti. Kamba ya nailoni inazungushwa juu ya mti mara mbili, chini inafungwa kwenye ubao wa kukanyaga, juu inafungwa kwenye kitu cha kuvuta. Wazee walitumia fito ndefu ya mti, yenye kupinda na kurudi. Sisi tutatumia mpira wa ndani wa gurudumu la kamio, uliokatwa vipande virefu na kukazwa katikati ya nguzo mbili. Nani katika Kasumbalesa atasema amekosa mpira wa ndani wa kamio? Zinatupwa kila siku kwenye foleni ya kwenda duane.

Ukikanyaga, mti unazunguka kuja kwako na patasi inakata. Ukiinua mguu, mpira unavuta, mti unarudi nyuma na patasi inangoja. Ni nusu ya kazi, ni kweli. Mtu wa umeme atatoa miguu ya meza minne ukiwa unamaliza mmoja. Hatutawaficha: mguu unachoka, mgongo unachoka, na siku ya kwanza unakereza kitu chenye sura ya muhogo. Na bakuli kubwa kwa mguu ni kazi ya waliokomaa. Kerezo la umeme liko na faida yake, na sisi hatulikatai kwa milele.

Lakini angalieni faida ya mwanafunzi. Ukiogopa, unaondoa mguu na mti umesimama papo hapo. Machini ya umeme haikuogopei. Wanaojua wanatoa hesabu moja: upana wa mti kwa sentimeta, mara mizunguko ya dakika moja, usipite 20,000 hivi, na mwenye kuanza abaki chini sana ya pale. Basi mti wa sentimeta 15 usipite mizunguko 1,300. Ile machini ya majani tuliyoiona iko na mkanda wa ngazi tatu, na ngazi ya chini kabisa imevunjika. Ni kusema mwanafunzi wa kwanza, siku ya kwanza, na mti usio mviringo bado, angeanza kwa mbio ya katikati. Hapo hatuko tena katika ufundi, tuko katika bahati.

Tena kerezo la mguu linataka mti mbichi, na hili kwetu ni baraka. Mti mbichi unakatika laini, hautoi vumbi, na hauombi kungoja. Kwa mti wa kukausha mafundi wanahesabu karibu mwaka mmoja kwa kila sentimeta mbili na nusu za unene. Kweli, kitu kilichokerezwa kibichi kinaweza kupinda kidogo kikikauka, na kichwa chake kinaweza kupasuka kama kikiachwa juani. Tunakiweka kivulini, ndani ya maranda yake, kichwa kimepakwa mshumaa.

Mti gani? Hapa tunataka kusema wazi. Kuko mwenzetu alisema, "Tutakereza mukula, iko na rangi ya damu, Wachina wanaipenda." Mukula tunaujua sisi watu wa barabara hii kuliko wengine. Tuliona kamio zake zikipita usiku na mchana. Mwaka wa 2017 Zambia ilizuia mamia ya kamio zilizobeba mukula, na nyingi zilikuwa zimetoka kwetu Katanga. Mwaka wa 2019, kule Geneva, mti ule uliandikwa katika orodha ya mapatano ya CITES, ni kusema hautoki katika inchi kuuzishwa bila karatasi za serikali. Mwaka wa 2022 ndugu zake wa Afrika, hata mulombwa, wakaandikwa pia. Mtoto anayejifunza hana lazima ya kuharibu mti ule kwa mpini wenye sura ya muhogo.

Iko miti mingine. Mti wa mapera ni mgumu, mzuri sana kwa mipini, na kila nyumba iko nao. Kila mwaka wazazi wanapunguza matawi ya miembe, ya avoka, ya jakaranda. Matawi yanaenda kwa makala ao yanachomwa bure. Tuombe yale. Kuko tena mbao za paleti zinazobaki kwenye madepo. Hapo muangalie alama iliyochomwa juu ya paleti: kama imeandikwa HT, ilichomwa na moto tu, ni nzuri. Kama imeandikwa MB, iliwekwa dawa ya sumu ya kuua wadudu, muiache. Na misumari! Msumari mmoja unamaliza kazi ya kunoa ya siku nzima. Lakini paleti ni mbao kavu, haifai sana kwa mguu. Tuiweke kwa kujengea.

Sasa ile feza. Maoni yetu ni haya, na kila mtu anaweza kuyapinga.

Jiwe la mkono linunuliwe kwanza, pamoja na jiwe dogo laini la mafuta kwa kumalizia makali. Kisha tumpelekee fundi wa chuma risoro za kamio, zile zisizo na ufa, atupigie patasi nane, nne za kila kundi: pana yenye mfereji, ndogo yenye mfereji, ya mshazari, na nyembamba ya kukatia. Yeye anajua: chuma kinapashwa moto mpaka sumaku haikishiki tena, kinazimwa ndani ya mafuta, kisha kinapashwa tena pole pole mpaka rangi ya majani makavu, ili ugumu upungue kidogo na kisifanye kama ile tupa. Mipini yake tutaikereza sisi, na hiyo itakuwa kazi yetu ya kwanza. Hata patasi tatu zikiwa na mipini ya muda, ya nne inaweza kutengenezewa mpini juu ya kerezo lenyewe.

Kisha ngao za uso, zile za plastiki zenye kufunika mpaka kidevu, nne. Miwani tu haitoshi, mwenzetu anaweza kuwaonyesha sababu. Kisanduku cha dawa na bandeji. Bulo, kabari, kamba, kisu cha mikono miwili cha kuchongea mti mbele ya kuuweka. Tulihesabu mara mbili pamoja na mwalimu, tukaona inaweza kubaki zaidi ya nusu ya feza katika kasha. Ile nusu isiguswe. Mwaka ujao, tukiwa tumeuzisha mipini na miiko ya bukari na miguu ya viti, tutafute kerezo la umeme lenye fazi moja, lenye ncha na taya yake, na tutakuwa na watu kumi na wawili wenye kujua kunoa. Machini itakuta mafundi inawangoja. Leo ingekuta watazamaji.

Wengine wanasema, huyu mtu wa biashara akiiuzisha kwa wengine, tutakosa nafasi. Labda. Lakini kamio haziache kupita hapa, na machini za zamani zinapita ndani yake. Mwalimu mmoja, tunamheshimu sana, alituambia ya kuwa machini kubwa inaleta jina kwa masomo, na wazazi wakiiona wataleta watoto. Tunamwelewa. Sisi tunamwomba afikiri juu ya mzazi mwenye kuitwa katikati ya siku kwa sababu mtoto wake yuko hospitali.

Neno moja kwa dada zetu. Kuko kijana alisema kerezo ni kazi ya wanaume. Kerezo la mguu linataka mguu, na watu wenye kutembea toka Kasumbalesa kijijini na ndoo ya maji kichwani wako na miguu kuliko yule kijana. Waje. Ila sheria ni moja kwa wote: misuko inafungwa nyuma, kitenge chenye kuninginia hakiingie, mikono ya shati inakunjwa juu ya kiwiko, tai ya uniforme inatolewa, mukufu unatolewa, ndala zinabaki inje. Na mtu asivae glavu. Anafikiri inamlinda, kumbe machini ikishika kidole cha glavu inavuta mkono wote.

Bwana Prefe amesema komite itakaa siku ya tano ya wiki ijayo. Mbele ya siku ile, siku ya tatu kisha masomo, tutasimamisha vichwa viwili vya mfano nyuma ya atelye, chini ya muembe, na kamba, na mpira, na patasi moja tu ya kuazima ambayo tumeinoa vizuri. Kila mtu mwenye kupiga makofi siku ya posho anaitwa. Wanakomite wanaitwa. Bwana Prefe akipenda, kiti chake kitakuwako, lakini tutamwomba asimame akanyage.

Wenye kukaa karibu na parking ya kamio watuletee mipira ya ndani mitatu, isiyo na mafuta mengi. Na kama kuko mwenye tawi la mapera nyumbani, lenye unene wa mkono, lililokatwa wiki hii, asilipasue.